Mgonjwa Mwenye Wembe Mkononi

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa kinyozi, na watu walimwita Redio. Ukikaa kwenye kiti chake akakufunga kitambaa shingoni, umekwisha. Utaambiwa nani kahamia mtaa gani, nani kagombana na mkwewe, paka wa nani kazaa kwenye kabati la nani, na kila akifika penye utamu mkasi unasimama hewani. Kichwa kimoja kiliweza kula asubuhi nzima. Wapo waliotoka pale wamenyolewa upande mmoja kwa sababu kazini wanaitwa, wakarudi jioni kumaliziwa upande wa pili, wa nywele na wa habari.

Haya sikusimuliwa, niliyaona. Nimeishia shule ya msingi, lakini ile yetu ya zamani, ambayo hutoki darasani mpaka usome kwa sauti mwalimu mkuu akusikie ofisini kwake. Wajukuu wangu wana simu zinazokumbuka kila kitu, na bado kila asubuhi wanatafuta viatu vyao.

Banda la Redio lilikuwa chumba kimoja mkabala na soko. Kiti cha chuma kinachozunguka upande mmoja tu, ukitaka kurudi ulipotoka lazima uzungushwe mzunguko mzima. Kioo kilikuwa na ufa uliompa kila mteja pua mbili. Mashine yake ilikuwa ya mkono, ile inayokwenda kwa kubanwa na kuachiwa, na ikichoka inang'oa. Na bado watu walijaa kwenye benchi, mpaka siku kijana mmoja alipofungua saluni ng'ambo ya barabara. Vioo kuta zote, taa za rangi, muziki, mashine za umeme zinazovuma kama nyuki. Tukamwita Kijana wa Vioo. Vijana wakahamia, baba zao wakawafuata kwa kujifanya wanawasindikiza, na Redio akabaki na wazee wachache, wengi wao vipara, waliokuja kwa mazungumzo tu maana nywele zenyewe hazikuwapo.

Binti yao mkubwa, anayeishi mbali, akapiga simu. "Baba, funga hilo banda. Kaa nyumbani upumzike."

"Kupumzika?" Redio alifoka. "Kwani nimekufa?"

Lakini niliona mkono wake ulivyokuwa ukilishika kopo lake la sabuni ya ndevu, kama mtu anayenyang'anywa. Alianza kusimama nyuma ya kile kiti akiwa hana hata mke. Mwanamume yule asiposimama nyuma ya kiti, hajui miguu aiweke wapi.

Mdogo wangu naye akanijia machozi yakimlengalenga. Yeye ni fundi cherehani, anafanyia kazi nyumbani, barazani, na ndiyo raha yake: yeye, cherehani, na kimya.

"Dada, umesikia? Anataka kuletwa nyumbani mchana kutwa."

"Si mumeo?"

"Mume ni wa jioni, Dada! Mchana kutwa na mdomo ule? Mimi nitahama. Nakuja kwako na cherehani yangu."

Hapo na mimi nikaona jambo hili linanihusu.

Mungu si wa mtu mmoja. Wakati huo wageni walikuwa wanajenga daraja juu ya mto, na kambi yao ilikuwa nje kidogo ya mji, imezungushiwa waya. Karani wa kambi, kijana wa hapahapa kwetu, akaja sokoni na habari. Kambi inataka kinyozi wa kudumu, awe anakwenda kila Jumamosi kuwanyoa wageni, kwa malipo yanayotosha kulipia kodi ya banda mwezi mzima. Anayetaka ajitokeze, na mwisho wa mwezi atajaribiwa. Ila lazima aweze kuzungumza Kiingereza na anayemnyoa. Kinyozi waliyemchukua mwanzo alikuwa hajui hata neno. Mgeni mmoja alimwonyesha ndevu zake akimaanisha azipunguze, naye akazifagia zote, ndevu zilizofugwa tangu ujana. Inasemekana mgeni yule alilia.

Waliojitokeza wakawa wawili, Kijana wa Vioo na shemeji yangu.

"Shemeji," nikamwuliza, "Kiingereza unacho?"

"Ninacho."

"Hebu."

Akafikiri. "Yes," akasema. Akafikiri tena. "No. Futiboli."

"Basi mnyoe mtu mwenye mpira kichwani."

"Cheka tu, Shemeji. Utakuja kuniomba nikusomee dawa."

Akajiandikisha elimu ya watu wazima. Walikuwa wanasomea jioni kwenye darasa la watoto, madawati ya watoto, watu wazima na magoti yao yamefika masikioni. Mwalimu alikuwa binti mdogo, sauti nyororo, ambaye Redio alimnyoa alipokuwa mtoto mchanga. Alifundisha kwa kitabu cha mazungumzo: Dukani, Kituoni, Kwa Daktari. Wanafunzi wanakaa wawiliwawili, huyu anasoma upande mmoja na huyu mwingine, halafu wanabadilishana. Mwalimu alisisitiza sana kubadilishana. "Wazazi wangu," alikuwa anasema, "mazungumzo yana pande mbili. Msikariri upande mmoja kama kasuku." Wote wakaitikia yes.

Nyumbani ikawa shida. Redio alihitaji mtu wa kufanya naye mazoezi, na mtu pekee alikuwa mkewe, ambaye ana macho makali na alisoma shule ileile niliyosoma mimi. Kila jioni mdogo wangu aliegemeza kitabu kwenye cherehani, akaanza kugawa kazi.

"Daktari ni mimi," akasema.

"Kwa nini wewe?"

"Siwezi kuwa mgonjwa nyumbani kwangu. Si nitajiletea."

Wakafika Dukani. "Mwenye duka ni mimi."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye unayeulizauliza bei na hununui."

Kituoni akawa mkata tiketi, na mumewe akawa abiria aliyepotelewa na mzigo. Kulikuwa na somo moja la askari na mtu aliyevuka barabara vibaya, na msomaji ameshajua nani alikuwa askari. Mimi nilikaa pale kwenye mkeka kama hakimu, nikamwambia mdogo wangu, "Mwalimu amesema mbadilishane."

"Dada, akiwa daktari huyu tutakesha. Mgonjwa maneno yake machache."

Na darasani ikifika zamu yake ya kuwa daktari, Redio alikuwa anashika koo, anakohoa, anasema leo sauti haitoki. Kwa hiyo akawa mgonjwa, mnunuzi, abiria na mvunja sheria, darasani na nyumbani, mpaka maneno yao akayasema usingizini.

Lakini kusoma, nisimnyime haki yake, alisoma. Alisoma kila kilichokaa mbele ya macho yake. Alisoma dawa ya meno, akagundua imeandikwa ibanwe kutokea chini, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa na kesi. "Nani kabana katikati? Imeandikwa chini! Watu wametaabika kuandika, ninyi mnabana tu!" Alisoma viberiti, alisoma makopo ya rangi. Na kinyozi, kama hujui, anafanya kazi nyuma ya shingo ya mtu, na nyuma ya shingo ndiko kilipo kitambaa kidogo cha maandishi ndani ya kola. Basi ikawa ukikaa kitini, kabla hujaguswa nywele, kola inageuzwa.

"Mzee, shati lako halitaki pasi."

"Nimelipiga pasi miaka yote."

"Umekuwa ukilionea."

Wakaanza kuja wake za watu na mashati mikononi, wanasomewa, wanaondoka. Hakuna aliyenyolewa, lakini angalau benchi lilikuwa na watu.

Siku ya kujaribiwa ikafika. Mimi na mdogo wangu tukamsindikiza. Alivaa koti jeupe lililofuliwa kwa maji baridi, kama lilivyotaka lenyewe, na begi la vifaa kwapani. Kijana wa Vioo alikuwa ameshaingia. Sisi wanawake hatukuruhusiwa, tukasimama nje ya waya, karibu na turubai ambapo viti viwili vya plastiki vilikuwa vimewekwa kwenye vumbi la saruji.

Getini palikuwa na kibao cha Kiingereza. Redio akasimama, akakisoma polepole, kidole hewani.

"Ingia, mzee," akasema mlinzi.

"Siingii. Hapa pameandikwa hakuna kuingia bila helmeti."

"Hiyo ni ya mafundi. Ingia tu."

"Kijana, mimi nimekwenda shule jioni na magoti haya. Nimesoma, nimeelewa. Sasa unataka nijifanye sijasoma?"

Mlinzi akaangalia kibao kile kana kwamba kimeota jana. Mwishowe akaenda kutafuta helmeti, akamletea ya njano, kubwa, ikamkaa mpaka kwenye nyusi. Ndivyo shemeji yangu alivyoingia kazini, koti jeupe na helmeti ya njano, kama muuguzi wa barabara.

"Dada," mdogo wangu akaninong'oneza, "ananiaibisha."

"Tulia. Bado hajafungua mdomo."

Wageni walikuwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe, haraka, maneno yamejaa puani. Mdogo wangu akatega sikio, uso ukambadilika. "Dada, hiki kwenye kitabu chetu hakimo."

Tulidhani ndicho Kiingereza chenyewe, kile cha ndani kabisa, ambacho watu kama sisi hatupewi. Mji mzima tuliamini kwamba mtu akishakuwa mgeni wa namna ile, amezaliwa na Kiingereza mdomoni. Haikutupitia akilini kwamba na wao wana lugha ya mama yao.

Kijana wa Vioo akaanza. Alipewa msaidizi wa fundi mkuu wa daraja, kijana mwenye nywele nyingi za dhahabu. Na lazima niseme kweli, yule mtoto alikuwa anamwaga ung'eng'e! Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, amejifunza kwenye filamu na nyimbo. Anauliza, mgeni anasema yes. Anauliza tena, yes. Mashine inavuma, anacheka, anauliza, yes, yes. Mdogo wangu akakata tamaa, akaanza kuangalia njia ya kurudi nyumbani.

Redio akapewa fundi mkuu mwenyewe, mtu mzima, mnene, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na jicho la kutotaka mchezo. Pembeni karani amesimama kusikiliza. Redio akafunga kitambaa, akatoa wembe, akaunoa kwenye mkanda. Halafu ikaonekana wazi kwamba anatakiwa aseme jambo, na jambo halipo.

Ndugu msomaji, mtu yule sijapata kumwona kimya. Akaisukuma helmeti juu ya nyusi. Akainama, akageuza kola ya fundi mkuu, akasoma kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani:

"Fua kwa maji baridi. Usikamue. Anika kivulini."

Fundi mkuu akageuka kumtazama.

"Yes," Redio akaongeza, kwa heshima.

Karani akakohoa. Nikaona midomo ya shemeji inacheza, anatafuta Dukani, anatafuta Kituoni, na kila mahali anakuta upande wake ni ule wa mwenye shida. Mwisho akashika alichokuwa amekishika vizuri kuliko vyote. Akasimama wima, wembe umeinuliwa, helmeti imeshuka, akasema kwa Kiingereza kisafi kabisa:

"Daktari, ninaumwa na tumbo."

Fundi mkuu akautazama wembe. Akamtazama mwenye wembe. Na kutoka nje ya waya, pembeni yangu, sauti ya mdogo wangu ikapaa kwa Kiingereza, kali, kama ilivyopaa kila jioni juu ya cherehani:

"Maumivu haya yalianza lini?"

Nilimfinya, lakini lilikuwa limeshatoka. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ndani kule, Redio, aliyezoea kujibu sauti ile maisha yake yote, akajibu bila kugeuka:

"Yalianza jana, daktari, baada ya chakula cha jioni."

Karani alikuwa ameinamia magoti yake, mabega yanatikisika. Nikajua basi, imekwisha, tufunge banda, na cherehani ihamie kwangu. Lakini masharubu ya fundi mkuu yalikuwa yameanza kupanda juu kidogokidogo. Akanyoosha kidole kizito, akasema kwa Kiingereza, polepole, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Fungua. Mdomo. Tafadhali. Sema, aaa."

"Aaa," akasema Redio.

"Unavuta sigara?"

"Hapana, daktari. Lakini mjomba wangu anavuta."

Hapo fundi mkuu akapiga paja lake, akacheka mpaka kitambaa kikadondoka. Kwa Kiingereza chake cha kukanyaga mawe akamweleza, na karani akatutafsiria baadaye tusije tukaongeza yetu: kwao hawazungumzi Kiingereza. Alijifunza ukubwani, jioni, baada ya kazi, kabla ya kutumwa huku, amekaa na watu wazima wenzake kwenye madawati ya shule. Kitabu chao nacho kilikuwa na mgonjwa, na mwenzake wa dawati alikuwa mzee mgomvi aliyekataa katakata kuwa daktari kwa sababu aliogopa damu. Kwa hiyo yeye, kila siku, alikuwa daktari. Tangu amefika hapa alikuwa hajapata mgonjwa.

Basi wakaanza. Mdogo wangu akawa anapeleka kichwa huku na huku kama anatazama mpira, anasema kimoyomoyo maneno ya daktari sambamba na fundi mkuu, na yule alipokosea akatikisa kichwa. Walimaliza Kwa Daktari, wakaingia Dukani. Fundi mkuu akamwuzia Redio jozi ya viatu na mwavuli. Huku nywele zinakatwa! Na Redio alipofika kwenye masharubu akasimama, akauliza, safari hii bila kitabu, maneno yake mwenyewe, mabovu lakini yake: "Hii. Kata? Hapana kata?"

"Hapana kata!" akasema fundi mkuu, mikono yote miwili juu ya masharubu.

"Hapana kata," akakubali Redio, akaweka wembe chini ili aonekane ameuweka.

Ndipo tukasikia ukelele kiti cha pili. Msaidizi alikuwa ameletewa kioo. Pande zote mbili za kichwa zilikuwa nyeupe kama yai, na katikati pamechongwa mstari wa radi, umepinda vizuri sana, kazi ya ufundi, sisemi uongo. Kijana wa Vioo alikuwa amesimama, mashine mkononi, maskini, haamini.

"Lakini nilimwuliza!" akamwambia karani. "Nikamwuliza radi, akasema yes! Nikamwuliza pande zote, yes!"

Yes ilikuwa ndiyo njia ya msaidizi yule ya kusema sijakuelewa, naomba uongee taratibu. Nilimwonea huruma kijana, hakuwa na kosa. Angepata mtu anayejua Kiingereza, angekuwa mfalme.

Fundi mkuu akaitazama radi, akajipapasa masharubu, akamwambia karani aseme hivi: yule kijana anajua sana, lakini ukimwambia jambo huna hakika kama umemwambia. "Huyu," akasema, "nikimwambia fungua mdomo, anafungua. Halafu ndiye mtu wa kwanza kuingia getini kwangu akiwa amevaa helmeti. Aanze Jumamosi."

Redio akafungasha vifaa vyake. Akampa mkono fundi mkuu, akampa mkono karani, akampa mkono Kijana wa Vioo na kumwambia jambo sikioni lililomfanya acheke kidogo. Akarudisha helmeti kwa mlinzi kwa mikono miwili.

Mdogo wangu alikuwa ameshafika getini kabla yake. "Vipi? Wamesemaje?" Kana kwamba hakusikia.

"Jumamosi," akasema Redio.

"Na?"

"Ndiyo hivyo."

Tukaanza kurudi. Alikuwa anatembea katikati yetu, begi kwapani, amenyooka kama mtu aliyeongezewa mfupa mgongoni, na hasemi kitu. Tukapita makutano, tukapita kwa wauza mbao, watu wakamsalimu, akainua mkono tu. Mdogo wangu akaanza kupata wasiwasi.

"Alikuambia nini ulipokuwa unamnyoa nyuma ya sikio? Alicheka nini pale?"

"Koo limekauka, Mama Watoto. Kiingereza kinachosha."

"Na yule kijana ulimnong'oneza nini?"

"Baadaye."

"Baadaye lini? Mwanamume, mimi nimesimama juani na dada yangu mtu mzima, ukaniaibisha mbele ya kambi nzima, halafu unaniambia baadaye? Hebu sema! Anza mwanzo, ulipoingia."

Redio akatikisa kichwa, akatabasamu, akaendelea kwenda. Nilipowaacha kwenye kona ya kwangu mdogo wangu alikuwa amemshika mkono wa koti, anamvuta, anambembeleza aongee.